Somo la Mwezi: Hua na Pugi Katika Bustani

Msomaji, ukiamka mapema hapa Butere, kabla ya jua kutoka, utasikia sauti nene ikitoka juu ya mti: mapigo sita, halafu kimya kidogo, halafu mapigo sita tena. Huyo ni hua mkubwa. Ngoja kama saa moja hivi, kisha sikiliza chini ya migomba. Utasikia sauti nyingine: du... du... du..., polepole mwanzoni, kisha mbio mbio, kisha inafifia kama mtu anayesinzia huku akizungumza. Huyo ni pugi.

Ndege hawa tunakaa nao mwaka mzima, lakini ni wachache kati yetu waliopata kuwatazama vizuri. Tunawatazama siku za kupanda tu, na siku hizo tunawatazama kwa hasira. Mkulima akiona nafasi tupu katika mstari wa njugu, na akiona hua wanatembea karibu, kesi imekwisha. Mshtakiwa amehukumiwa kabla shahidi hajasema neno.

Somo la mwezi huu lina jambo moja kubwa, nalo ni jepesi kukumbuka: hua hafukui. Ukilielewa vizuri litakuokolea mbegu, litakuokolea fedha, na kama utakavyosoma mbele, laweza kuokoa maisha ya mtoto.

1. Wako wa namna ngapi?

Hua, tetere, pugi, ninga na njiwa wote ni jamaa moja. Katika bustani zetu za Butere unaweza kuwaona hawa wafuatao.

Hua mkubwa. Huyu ndiye mwenye sauti ya mapigo sita. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia, kichwa na kifua vina wekundu hafifu, na nyuma ya shingo ana mstari mweusi kama ukosi wa shati. Jicho lake ni jekundu, na ngozi inayolizunguka ni nyekundu pia. Hupenda miti mirefu, hasa iliyo karibu na mto au kijito, na hushuka chini kutafuta chakula. Watu wa pwani humwita tetere.

Hua mdogo. Huyu hana ukosi mweusi. Kifuani ana madoadoa meusi juu ya rangi ya kutu, na akiruka utaona pembe za mkia wake ni nyeupe. Hana woga mwingi kwa watu. Utamkuta uani, barabarani na sokoni akiokota punje zilizomwagika.

Pugi. Ni mdogo zaidi, hata ukimshika hajai kiganja cha mtu mzima. Mabawa yake yana madoa machache yanayong'aa rangi ya buluu, na mdomo wake ni mwekundu wenye ncha ya manjano. Akiruka ghafla kutoka njiani mbele yako, utaona rangi ya kutu mabawani. Hapendi makundi. Kwa kawaida utamwona peke yake au yeye na mwenziwe. Yuko pia pugi mwingine ambaye dume lake lina uso mweupe na tumbo jeupe. Huyo hupenda kivuli kizito, kama vile migomba iliyosongamana na vichaka vya kando ya mto.

Ninga. Huyu ni wa kijani. Hakai chini. Kazi yake ni kula matunda mtini, hasa ya mikuyu. Kwa sababu ya rangi yake unaweza kusimama chini ya mkuyu wenye ninga ishirini usione hata mmoja, mpaka waruke wote pamoja.

Njiwa wa nyumbani na njiwa wa mapaa. Hawa ni wakubwa, nao hukaa kwenye mapaa ya maduka, ya shule na ya makanisa. Wengine hufugwa.

Basi unaposema, "Hua wamekula mbegu zangu," jiulize kwanza: ni yupi? Ninga hajali njugu zako. Pugi mmoja au wawili hawawezi kumaliza shamba. Anayeweza kukusumbua ni hua mkubwa, maana baada ya mavuno na wakati wa kupanda hukusanyika wengi mahali pamoja, na hua mdogo akiwa karibu na nyumba.

2. Maumbile na tabia zao

Tazama jinsi hua anavyokunywa maji. Kuku huchota maji kidogo, akainua kichwa, maji yakateremka kooni. Ndege wengi hufanya hivyo. Hua hutia mdomo wake majini akavuta moja kwa moja, kama ng'ombe kisimani, bila kuinua kichwa. Kwa kuwa chakula chake ni mbegu kavu, anahitaji maji kila siku. Ndiyo sababu utamwona asubuhi na jioni akienda mtoni, au kwenye chombo cha maji ya kuku wako.

Hua hana meno, wala mdomo wake hauna nguvu ya kuvunja punje ngumu. Huimeza nzima. Punje hukaa kwanza katika kibofu kilicho chini ya koo, kisha huingia katika firigisi. Humo zimo changarawe ndogo alizozimeza, nazo husaga chakula kama mawe ya kusagia. Ukimwona hua barabarani mahali pasipo na punje hata moja, usishangae. Anaokota mawe yake ya kusagia.

Kiota chake ni cha aibu. Ni vijiti vichache vilivyolazwa juu ya tawi, vyembamba hata ukisimama chini waweza kuyaona mayai kwa juu. Mayai kwa kawaida ni mawili, meupe au yenye rangi ya maziwa. Dume na jike hupokezana kuyalalia, na makinda hutoka baada ya wiki mbili hivi.

Hapa ndipo pana ajabu kubwa ya ndege hawa. Kinda wa hua hapewi wadudu wala punje siku za kwanza. Hupewa maziwa. Maziwa hayo si kama ya ng'ombe. Ni kitu kizito kama jibini laini, kinachotoka katika ngozi ya ndani ya kile kibofu cha kooni. Kina mafuta mengi na protini nyingi. Baba na mama wote wawili huyatoa. Kichocheo cha mwili kinachoyaleta ni kile kile kinachomsaidia mama aliyejifungua kupata maziwa. Katika ndege wote duniani, tabia hii ni ya jamaa ya njiwa na ya wengine wachache sana, kama vile heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru ambao watu huwaita flamingo.

Jambo hili linaeleza kwa nini hua wanaweza kuzaa karibu wakati wowote wa mwaka. Ndege wengi wanaokula punje huwatafutia makinda wao wadudu, kwa hiyo husubiri msimu wa wadudu. Hua hasubiri. Mradi yeye mwenyewe amepata mbegu, mtoto wake amepata chakula.

Tena, manyoya ya hua yameshikwa kwa ulegevu. Kipanga akimrukia, mara nyingi hubaki na fumba la manyoya, na hua amekwenda zake. Ukikuta manyoya mengi chini ya mti bila damu, pengine umeona mahali ambapo hua aliponyoka.

3. Hua hafukui

Sasa tufike kwenye shabaha ya somo. Mtazame kuku anapotafuta chakula. Hupiga hatua, akaparua udongo kwa mguu wa kulia, akaparua kwa wa kushoto, akarudi nyuma kidogo, akatazama. Miguu yake ni jembe.

Sasa mtazame hua. Hutembea kwa hatua fupi, kichwa kikienda mbele na kurudi. Akiona mbegu, huidona. Jani kavu likiwa njiani, hulisukuma kwa mdomo. Basi. Hatumii miguu yake kuparua hata kidogo. Miguu ni ya kutembea na ya kushika tawi, na mdomo ni mwembamba na laini, si wa kuchimba. Kwa hiyo mbegu iliyo juu ya udongo ni chakula chake. Mbegu iliyofunikwa kidogo kidogo, huku sehemu yake inaonekana, ni chakula chake pia. Lakini mbegu iliyolala sentimeta 5 ndani ya udongo ulioshindiliwa vizuri, yaani inchi 2, hawezi kuifikia.

Jambo hili mimi nilifundishwa chuoni, na hata darasani nimelifundisha. Hata hivyo sikulijua mpaka yaliponifika haya ninayokusimulia.

Miaka michache iliyopita nilipanda njugu robo ekari shambani kwetu. Siku ya tatu nikaona hua kama kumi na watano wakitembea kati ya mistari. Siku ya sita, sehemu nyingine za mistari hazikuwa na kitu. Nikakasirika. Mimi ninayepiga chapa barua za kuwaonya watu juu ya madawa ya shambani, nilichukua dawa ya wadudu iliyobaki katika chupa, nikaichanganya na mahindi yaliyopondwa, nikayamwaga mwisho wa shamba. Kisha nikavaa viatu nikaenda kazini.

Niliporudi jioni nilimkuta mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tatu, ameketi nyuma ya jiko letu. Alikuwa ananyonyoa manyoya. Alikuwa na hua wawili, na moto ulikwisha washwa. Aliniambia kwa furaha kwamba ndege hao hata hawakumpa taabu. Aliwakuta wamelala tu.

Nilimpokonya wale ndege, nikamwosha mikono kwa sabuni mara mbili, nikamwuliza mara tatu kama ameonja. Hakuwa ameonja. Nilikwenda naye kwa mama yake nikamweleza kila kitu, na kumweleza kulikuwa kazi ngumu kuliko kuandika habari hii. Usiku ule kuku wangu wawili walikufa. Hawakula njugu za mtu. Walikula mahindi yangu.

Asubuhi nilichimba shimo refu, nikawazika wale ndege na kuku, pamoja na mahindi yote niliyoweza kuyakusanya na udongo uliokuwa chini yake. Halafu nikapiga magoti kwenye mistari ya njugu, jambo ambalo ingenipasa kulifanya kwanza. Kila mahali palipokuwa patupu palikuwa na kishimo kidogo, kimechimbwa kwa ulalo, na kando yake vipande vya ngozi nyekundu ya mbegu. Vishimo hivyo havikuwa na alama ya hua. Jioni ile niliweka mitego minne, na asubuhi ilikuwa na panya watatu.

Je, hua walikuwa wanafanya nini pale? Walikuwa wanaokota njugu tulizoziangusha juu ya udongo wakati wa kupanda. Njugu hizo zisingeota hata kama hua wasingekuja.

4. Ni nani aliyekula mbegu?

Msomaji, usinifuate katika kosa langu. Kabla ya kumhukumu mtu yeyote, piga magoti utazame. Alama ni hizi.

(a) Mbegu za juu zimetoweka, na udongo haukuguswa. Huyo ni hua, au ndege mwingine wa kuokota. Hasara yenyewe kwa kawaida ni ndogo.

(b) Udongo umeparuliwa na kutupwa nyuma, na shimo ni pana. Huyo ni kwale, au ni kuku. Kabla ya kumlaumu kwale, wahesabu kuku wako mwenyewe na wa jirani.

(c) Kishimo chembamba mahali pa mbegu, na maganda au ngozi ya mbegu kando yake. Huyo ni panya ikiwa kimechimbwa usiku, au kindi, ambaye wengine humwita kuchakuro, ikiwa kimechimbwa mchana.

(d) Mche umekatwa karibu na udongo na umelala hapo hapo. Huyo si ndege. Fukua kwa kidole kulizunguka shina, utamkuta kiwavi mnene amejikunja.

(e) Mche umechipuka, lakini yale majani mawili manene ya kwanza yamedonolewa na shina limebaki. Hapa hua anaweza kuwa na hatia, hasa kwa soya na maharagwe, kwa sababu mbegu hizi huinua chakula chao juu ya udongo zinapoota.

(f) Mmea unavutwa kutoka chini na kuingia ardhini. Huyo ni fuko, naye ana somo lake mwenyewe.

(g) Masuke ya mtama au mpunga yanaliwa yakiwa yamesimama, na kundi ni kubwa kama wingu. Hao ni kwelea, si hua. Mwezi wa Januari 2023 kwelea walivamia mashamba ya mpunga huko Kisumu, na wakulima walijua tofauti. Hua ni mzito. Hawezi kuning'inia kwenye suke jembamba. Husubiri suke liinamie chini au punje zianguke.

Na ukiona matundu katika sukuma wiki yako, usimtafute hua wetu. Huko Uingereza yuko njiwa wa mwituni, mkubwa kuliko hua wetu, ambaye hushambulia kabichi na mimea ya jamii yake wakati wa baridi, hata wakulima hulazimika kuifunika kwa nyavu. Hua wa hapa hawana tabia hiyo. Matundu ya sukuma wiki yetu, mara nyingi ni ya viwavi; na majani yaliyoraruliwa pembeni huenda yakawa ya yule ndege mdogo wa kijivu mwenye kishungi na mkia mrefu kama wa panya.

5. Jinsi ya kulinda mbegu bila kuua

Kwanza, panda kwa kina kinachofaa. Mahindi yaende chini sentimeta 5 hivi. Njugu karanga vile vile. Maharagwe na soya, sentimeta 3 hadi 5. Wimbi halitaki kwenda ndani sana. Sentimeta 2 hadi 3 zatosha. Ukizoea kumwaga wimbi kwa mkono, mbegu nyingi hubaki juu, nazo ni karamu ya hua. Panda kwa mistari, kisha funika. Utatumia mbegu chache zaidi, na palizi litakuwa rahisi.

Pili, shindilia udongo kidogo kwa mguu baada ya kufunika. Mbegu hushikana na udongo wenye unyevu, na mdomo mwembamba hauingii.

Tatu, okota mbegu zilizoanguka. Hizo ndizo zinazomwita hua wa kwanza, na hua wa kwanza huwaita wenzake kwa kuonekana tu. Mpe mtoto kikombe apite nyuma ya wapandaji. Kazi hiyo ni ya nusu saa.

Nne, pandeni pamoja. Shamba moja lililopandwa peke yake kijijini hupata ndege wote wa kijiji. Mashamba ishirini yakipandwa wiki moja, ndege wale wale hugawanyika.

Tano, linda siku zenye hatari. Tangu mbegu ipasue udongo mpaka majani ya kweli yatoke ni kama siku 10 tu. Siku hizo tandaza nyasi kavu chache juu ya mistari ya soya na maharagwe, au funga kamba zenye vipande vya karatasi za nailoni vinavyopepea. Lakini zihamishe kila baada ya siku mbili au tatu. Hua si mjinga. Kitu kisichosogea hukizoea, na utamkuta ameketi juu ya sanamu yako akijichambua manyoya. Mlinzi awe na nguvu saa mbili za kwanza za asubuhi na saa mbili za mwisho za jioni, maana ndizo saa zao za kula. Kwa hiyo mtoto hana sababu ya kukosa shule kwa ajili ya hua.

Sita, vuna mapema na uanike mahali pa kuonekana. Mtama ulioachwa mpaka ukaanguka si wako tena. Na chombo cha chakula cha kuku kisiachwe wazi siku nzima. Hua na njiwa huja kula na kunywa pamoja na kuku, nao wanaweza kuleta magonjwa, kama vile kideri. Mchanje kuku wako dhidi ya kideri kwa wakati wake. Chanjo hiyo hutengenezwa hapa Kenya, na Bwana Shamba au afisa wa mifugo atakuonyesha njia ya kuipata.

6. Usitie sumu

Wahenga walisema, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Sumu ya ndege ndivyo ilivyo. Haichagui hua mwenye hatia. Humwua pugi, kuku, paka atakayemla, na kipanga ambaye ndiye askari wa panya shambani mwako. Halafu huja mpaka jikoni.

Jambo hili si la kubuni. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, si mbali sana na hapa kwetu, watafiti wameandika habari za watu waliotega ndege wa mwituni kwa dawa ya wadudu iitwayo kabofurani, wakawauza kama kitoweo. Walitia dawa hiyo katika konokono na katika mpunga. Dawa hiyo ni kali sana, na mojawapo ya majina yake ya dukani lilikuwa Furadan. Mwaka 2009, baada ya habari kuenea kwamba ilikuwa ikitumiwa hapa Kenya kuua simba na wanyama wengine, kampuni iliyoitengeneza ilianza kuiondoa madukani. Lakini chupa kuu kuu hukaa miaka mingi katika pembe za ghala, na dawa nyingine za namna hiyo bado zipo.

Kwa hiyo shika mambo haya:

Usile wala usiuze ndege uliyemkuta amekufa au amelegea, hata akiwa mnono. Kumpika hakuondoi sumu. Waambie watoto jambo hili kwa maneno ya wazi.

Mbegu za kununua zenye rangi nyekundu, ya kijani au ya buluu zimepakwa dawa. Zikimwagika, zifunike kwa udongo. Zikibaki baada ya kupanda, zihifadhi mahali pasipofikiwa na watoto, wala usizioshe uzipike au uwape kuku.

Mtu akila kitu chenye sumu, au akianza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika na kupumua kwa shida, usingoje. Mpeleke hospitali mara moja, na uichukue chupa au karatasi ya dawa ili daktari aione.

Tena, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege wa mwituni pia. Lakini mimi sikuogopa sheria siku ile nyuma ya jiko. Niliogopa mikono ya yule mtoto.

7. Je, wana faida?

Wanayo. Miezi mingi ya mwaka hakuna mbegu iliyopandwa, na hua hawafi njaa. Huokota mbegu za nyasi na za magugu zilizoanguka juu ya ardhi. Pugi huokota hata mbegu za mbarika. Kila mbegu ya gugu iliyosagwa katika firigisi haitakuhitaji na jembe. Ila tusiwasifu kupita kiasi. Kayongo, yule adui mkubwa wa mahindi yetu, mbegu yake ni ndogo kama vumbi. Hua hawezi kuiokota. Kazi hiyo ni yako, kuing'oa kabla haijatoa maua.

Basi hua si mwizi, wala si rafiki. Ni jirani anayeokota kilichoachwa wazi. Kifunike unachotaka kubaki nacho, na kilichobaki mwachie.

Kazi ya kufanya

Chukua punje 40 za mahindi yasiyo na dawa. Mahali wanapotembea hua, weka 10 juu ya udongo, 10 zilizofunikwa nusu, 10 kwa kina cha sentimeta 2, na 10 kwa kina cha sentimeta 5. Weka kijiti kwenye kila kundi. Kaa mbali utazame asubuhi mbili, kisha hesabu zilizobaki na uandike. Ukikuta vishimo, vitazame vizuri kabla ya kusema ni nani aliyevichimba.

Maswali

1. Utamtofautishaje hua mkubwa na hua mdogo?
2. Hua hunywaje maji, na kuku hunywaje?
3. Makinda wa hua hulishwa nini siku za kwanza, na ni nani hukitoa?
4. Kwa nini mbegu iliyo sentimeta 5 chini ya udongo ni salama kwa hua, lakini si salama kwa panya?
5. Taja alama tatu zinazoonyesha kwamba aliyekula mbegu si hua.
6. Kwa nini sanamu ya kutisha ndege ihamishwe mara kwa mara?
7. Mtoto wako amekuletea hua aliyemkuta amekufa shambani. Utafanya nini, na utamwambia nini?

Ukiyajibu maswali haya pamoja na watu wa nyumbani mwako, hasa la saba, somo letu limekwisha vizuri. Majibu ya ile kazi ya punje 40 yaleteni afisi ya kilimo siku mnapokuja kwa shughuli nyingine. Karani atafurahi kuyasoma.